Fimbo ya Kufungulia Kurasa

Kitu cha kwanza ambacho Mwalimu alikiangalia kwa mtu ni kucha. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wimbo na sala, wanafunzi walinyoosha mikono mbele kama watu wanaongoja kupewa kitu, naye akapita kati ya mistari akiinama, fimbo nyuma ya mgongo. Aliyekuwa na uchafu chini ya kucha alichapwa hapo hapo, juu ya vidole. "Mikono ni cheti cha kwanza," alisema. "Hivyo vingine vitafuata." Mikono yake mwenyewe ilikuwa safi kupita kiasi, ukizingatia kwamba maji ya shule yalibebwa na punda kutoka visima vya mtoni, vilivyochimbwa mchangani. Alinawa kabla ya kushika rejista, akanawa tena alipoiweka.

Mimi pia nilinyoosha mikono. Nilisimama nje ya mistari, karibu na ua wa minyaa, nikangoja. Hakuwahi kuja kuikagua.

Jina lake nalijua, na kila aliyesoma shule ile upande wa Tulia, kule Kitui, analijua. Sitaliandika, wala si kwa heshima. Sote tulimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri, hata mkewe, na yeye alipenda iwe hivyo. Katika haya nitakayosema nimejaribu kutenganisha nilichokiona kwa macho yangu na nilichoambiwa. Palipo na la kuambiwa, nitasema niliambiwa.

Lazima nianze na sababu ya mimi kusimama kando. Kwetu Ukambani kuna kiapo kiitwacho kithitu. Watu wakishindwa kuamuliwa kesi kwa maneno, wanakula kithitu mbele ya wazee, na imani ni kwamba aliyeapa uongo hafi yeye kwanza. Wanakufa watu wa nyumba yake, mmoja baada ya mwingine, na yeyote anayekula nao, anayechota maji nao, au anayepokea kitu kutoka mikononi mwao, anajiingiza katika kifo hicho. Babu yangu alikula kithitu katika kesi ya mpaka wa shamba. Haukupita muda baba zangu wadogo wawili wakafa, mmoja kwa kuumwa na nyoka, mwingine kwa homa. Hiyo ilitosha. Kama babu alisema uongo au kweli sijui, na nimeacha kutafuta kujua. Jambo la hakika ni kwamba nilizaliwa katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyepokea kutoka kwake hata kaa la moto.

Baba alijibu kwa kutuhamisha ng'ambo ya mto mkavu, mahali ambapo hakuna aliyetaka kulima. "Wasiotutaka hatuwataki," alisema, na hayo yakawa sheria. Tulichimba kisima chetu wenyewe mchangani. Hatukuitwa kwenye mwethya, kazi ile ya pamoja ambapo majirani huchimbiana mitaro ya shamba, na kwa hiyo shamba letu lilibebwa na mvua kila mwaka. Baba aliweza kumaliza siku mbili bila kusema neno, na alipolisema lilikuja pamoja na mkanda. Nilifika umri wa kwenda shule kabla sijacheza na mtoto ambaye si ndugu yangu wa tumbo moja.

Mama alingoja siku Baba ameenda Mwingi kuuza mbuzi. Akaniosha, akanipaka mafuta, akanishika mkono, tukavuka mto. Miaka hiyo ilikuwa ya mwanzo wa Uhuru na kila mtu alikuwa akizungumza habari ya shule. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa. Alipotuona alirudi nyuma hatua moja, polepole, kama mtu anayekwepa tope.

"Mwalimu, nimekuletea mtoto."

"Mama, hali unaijua."

"Naijua. Ndiyo nikaja mwenyewe."

"Watu watasema."

"Watu wanasema tangu zamani. Mtoto anataka kusoma."

Mwalimu aliangalia mikono yangu kutoka pale alipokuwa. Kisha akaelekeza fimbo upande wa dirisha. Shule hiyo haikuwa na vioo, madirisha yalikuwa matundu ya mraba yenye vibao vya mbao vya kufungia. Chini ya dirisha la mwisho, upande wa nje, palikuwa na jiwe.

"Pale. Atakaa kwenye jiwe. Akili haina mlango."

Mama alimshukuru. Alipiga magoti kidogo, kama wanawake wa rika lake walivyofanya mbele ya mwanamume wa heshima. Nikikumbuka magoti yale ya mama yangu vumbini, na yule mtu akiitika kwa kichwa kama aliyetoa zawadi, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Basi nilisoma dirishani. Sifichi kwamba alifundisha vizuri. Sijapata kukutana na mtu aliyejua kueleza sehemu na desimali kama yeye. Alichora chungwa ubaoni, akalikata kwa chaki, na mtoto mjinga kuliko wote akaona vipande. Sauti yake ilitoka nje bila yeye kupaza. Nadhani alijua ni kiasi gani cha sauti kilihitajika ili kinifikie, na alinipa kiasi hicho hasa, hakuzidisha wala hakupunguza. Alikuwa mtu wa vipimo.

Chaki alinirushia. Kipande kilipaa kupitia dirishani, kikatua vumbini, nikakiokota. Mara nyingi jioni, wengine wakishaenda, daftari langu nililiweka kwenye kizingiti cha dirisha likiwa wazi, nikarudi kukaa kwenye jiwe, ndipo yeye akasogea kwa ndani na kulisoma. Ukurasa ukiisha, aliugeuza kwa ncha ya fimbo. Alikuwa stadi wa kazi hiyo. Aliingiza ncha chini ya karatasi, akainyanyua, akaibwaga upande wa pili bila kuichana. Fimbo ile ile iliyochapa vidole vya wengine kwangu ilifanya kazi ya kidole. Wengine walinionea wivu kwa sababu sikuwahi kuchapwa. Niliwahi kutamani anichape.

Kalamu nyekundu haikugusa daftari langu. Yeye alisema, mimi nikatia alama. "Ya kwanza, sahihi. Ya pili, sahihi. Ya tatu, kosa. Tia kosa, nakuona." Nilitia alama za vema mwenyewe na za makosa mwenyewe. Baada ya muda akaacha hata kusema. Alikuwa akitazama tu, na mimi nikawa najisahihisha kwa ukali kuliko yeye, kwa sababu niliogopa kwamba nikijipendelea mara moja ataniondoa kwenye jiwe. Siku moja aliwaambia wa ndani, "Mwaona yule wa nje? Hajidanganyi. Ninyi mngepewa kalamu nyekundu mngekuwa maprofesa wote." Walicheka. Nami nilicheka. Nilienda na sifa hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Watoto waliniita Dirisha. "Dirisha amekuja! Dirisha, habari ya jua?" Walikuwa na mchezo wa kukimbizana, na anayekimbiza aliitwa jina la nyumba yetu. Akikugusa, wenzako wanaimba kwamba mama yako atakufa kesho. Kulikuwa na msichana mmoja, Ndunge, ambaye dawati lake lilikuwa chini ya dirisha langu. Ndunge hakuwa mbaya. Alikuwa mvivu tu wa hesabu.

"Dirisha," alinong'ona. "Ya nne ni ngapi?"

"Fanya mwenyewe."

"Nitakupa muhogo."

"Utanipaje, na huwezi kunigusa?"

"Nitautupa. Utauokota kama chaki. Sema, Mwalimu anageuka."

Nilimwambia. Majibu yangu yaliingia mle ndani kila siku bila kuzuiwa na mtu, na hakuna aliyekufa kwayo. Mwalimu alijua. Nilimwona akitazama daftari la Ndunge, kisha langu, kisha akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Kukaa nje kuna faida ambayo aliye ndani haipati. Mimi nilimwona Mwalimu wakati darasa halimwoni. Alikuwa mzee wa kanisa, na mtoto aliyekamatwa na ugoro alichapwa mpaka akajikojolea. Wakati wa mapumziko yeye alienda nyuma ya choo, akatoa kikopo kidogo mfukoni, akavuta ugoro kwa pua zote mbili, macho yamefumba. Kisha alipenga kamasi za kahawia kwenye kitambaa cheupe alichofuliwa na mkewe, akakikunja kwa uangalifu ili doa liwe ndani, akakirudisha mfukoni. Alinawa mikono. Akaingia darasani akafundisha usafi wa mwili. Ndani ya darasa alikataza Kikamba, na aliyekisema alivishwa kibao cha aibu shingoni siku nzima, lakini fimbo ilipomwangukia mguuni alilaani kwa Kikamba kizuri kabisa, kile cha wachunga ng'ombe. Hayo nasema niliyaona na kuyasikia mwenyewe.

La mahubiri niliambiwa kwanza na Ndunge, kisha nikaenda kuthibitisha. Jumapili moja nilisimama nje ya kanisa, upande wa nyuma ambako akina mama huwafunga punda. Mwalimu alihubiri habari ya yule mgonjwa wa ukoma ambaye kila mtu alimkimbia, mpaka akaja mmoja akanyoosha mkono na kumgusa. Alihubiri kwa ufundi. Alinyoosha mkono wake mwenyewe mbele ya watu, ule mkono msafi, akauacha hewani, akanyamaza. Wanawake wakaanza kulia. Yeye pia alilia, sauti yake ikakatika. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachokisikia. Nilitapika ukutani mwa kanisa. Nilikuwa nimekula uji wa asubuhi tu, kwa hiyo haikuchukua muda.

Sasa nifike kwenye vitabu, maana hapo ndipo watu wengi niliowasimulia humtetea. Nilipokuwa kama darasa la tatu, aliniwekea kitabu cha kusoma juu ya kizingiti. Akakisukuma kwa fimbo mpaka kikaangukia upande wangu. Nilikisoma kwa siku chache, nikakifuta vumbi, nikakirudisha kizingitini.

"Kaa nacho," alisema.

"Nimekimaliza, Mwalimu."

"Kaa nacho. Kimeshakuwa chako."

Nilidhani ni ukarimu. Mtoto ambaye hajawahi kupewa kitu na mtu wa nje, ghafla ana kitabu. Baadaye akanipa kingine, na kingine, vya hadithi, vya jiografia, kimoja cha afya chenye picha za minyoo. Kila nilipojaribu kurudisha nilijibiwa hivyo hivyo. Vilijaa debe la mafuta ya taa. Nyumbani sikuweza kuviingiza, kwa sababu Baba alikuwa na amri yake: chochote kitokacho kwa wale watu kisivuke mlango wake. "Unanuka chaki," aliniambia, na akaniamuru nile kando ya wenzangu siku za shule, mpaka nioge. Basi debe lilining'inia kwenye mgunga nyuma ya boma, na huko ndiko nilikosomea, nikiwa najisi kwa wale wa ng'ambo na najisi kwa wetu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Hakunipa vile vitabu. Alivitupa. Kitabu nilichokishika mimi kisingerudi kabatini, na njia rahisi ya kukiondoa ilikuwa kuniambia ni changu. Nilielewa nikiwa nafagia, bila mtu kuniambia, na ilinibidi niweke ufagio chini. Yote niliyojua mpaka siku hiyo yalikuwa yametoka ndani ya lile debe. Ningependa kusema kwamba vitabu vilibaki kuwa vitabu, na ni kweli vilibaki. Lakini tangu hapo nikifungua kitabu cha zamani na kuona alama ndogo ya kuchomwa ukingoni mwa jalada, tundu la ncha ya fimbo, sioni huruma yoyote.

Alikuwa na jibu moja kwa kila swali asilotaka: "Tutaona." Mama aliponituma kuuliza kama nitaingizwa ndani nikifika darasa la nne, tutaona. Mvua iliponyesha akafunga kibao cha dirisha ili madaftari ya wa ndani yasilowe, nami nikasimama chini ya paa nikisikiliza kupitia ufa. Nilipomuuliza baadaye kama kibao kinaweza kuachwa wazi kidogo, tutaona. Mwaka wa darasa la saba nilimuuliza jambo moja tu, tena na tena. Mtihani wa mwisho ndio uliokuwa daraja pekee la kutoka ng'ambo ya mto. Ukifaulu unaenda shule ya bweni, mahali ambapo hakuna anayejua nyumba yenu. Nilikuwa nimewapita wote wa ndani kwa hesabu na kwa Kiingereza, naye alijua, kwa sababu alama hizo nilizitia mwenyewe mbele ya macho yake.

"Mwalimu, jina langu limeandikishwa?"

"Tutaona, mwiitu." Mwiitu ni binti kwa Kikamba. Nje ya darasa aliniita hivyo.

"Nilete kalamu?"

"Kalamu si vibaya kuwa nayo. Tutaona."

Siku ya mtihani Mama alinifulia gauni usiku uliotangulia akalikausha juu ya moto. Nilivuka mto nikiwa na penseli iliyochongwa pande zote mbili, ili moja ikivunjika nigeuze. Msimamizi alikuwa amekuja kutoka Kitui na karatasi kwenye bahasha iliyofungwa. Watoto waliitwa majina mmoja mmoja wakaingia. Nilikaa kwenye jiwe langu, nikangoja. Mwalimu akatoka.

"Leo nenda nyumbani."

"Jina langu je?"

"Mtihani haufanywi dirishani."

"Uliniambia tutaona."

"Basi umeona."

Aliingia, na kwa mkono wake mwenyewe akavuta kibao cha dirisha akakifunga. Sikulia hapo. Nilikaa mpaka nikasikia viti vikivutwa, kisha ukimya ule wa watu wanaoandika. Nilipofika nyumbani, Baba alikuwa ameketi mlangoni. Aliniona na penseli yangu, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Nilikwambia," alisema. Ndunge alifaulu, akaenda shule ya bweni. Simwonei wivu. Alikuwa amejifunza hesabu mwishoni, kwa kunakili muda mrefu.

Sitaeleza kwa urefu yaliyofuata, kwa sababu haya ni maandishi juu ya Mwalimu. Dada ya mama yangu aliyeolewa Kalamba, upande wa Makueni, aliniita nikajifunze cherehani. Nilienda na debe langu kichwani. Huko hakuna aliyejua nyumba yetu. Wiki ya kwanza jirani alinikabidhi mtoto wake mchanga nimshike, akaenda kuchota maji, nami nikabaki nimesimama na yule mtoto nikiogopa kukaa chini. Nilishona mchana, nikasoma jioni, nikajisahihisha kama nilivyozoea, bila huruma. Nikiwa mwanamke mzima, katika miaka ya sabini, niliandikishwa kufanya mtihani ule ule wa darasa la saba katika ukumbi wenye watoto niliowazidi umri kwa mbali. Msimamizi alipita akanipa karatasi mkononi. Niliishika muda kabla ya kuanza, mpaka akaniuliza, "Mama, kuna shida?" Nikasema hakuna. Nilifaulu huo, nikafaulu wa kidato cha nne miaka iliyofuata, nikapewa darasa la ngumbaru, la watu wazima wasiojua kusoma. Nalifundisha kanisani jioni baada ya kushona. Madaftari yao nayashika kwa mikono miwili. Wengine wana mikono ya samadi. Nayashika.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea Mwalimu udhuru. Mimi ni mtu wa kupanga mambo, na sikuweza kumpanga bila sababu. Sababu niliyompa ni woga. Nilijiambia: ameokoka, lakini ni Mkamba, na kithitu alikijua kabla ya kuijua sala. Aliogopa kufa, aliogopea watoto wake. Mtu mwenye woga anachukiza, lakini anaeleweka. Hata ile siku ya kibao cha dirisha niliiweka chini ya woga.

Alikuja Kalamba miaka ya tisini, siku ya soko, saa za asubuhi. Nilikuwa kwenye cherehani barazani. Nilisikia fimbo kabla ya kumwona. Alikuwa amezeeka, nywele nyeupe, koti la kijivu lililopigwa pasi, kucha zimekatwa.

"Mwikali."

"Mwalimu."

"Umekuwa mtu."

"Nilikuwa mtu."

Akacheka, akaketi kwenye benchi la wateja bila kuambiwa. Nilimkaribisha chai, kama ambavyo mgeni yeyote hukaribishwa, na moyoni nikijua ataitazama ikipoa. Nilitaka kuona atafanyaje. Nilimimina kwenye kikombe changu cha bati cha kila siku, nikamnyooshea. Alikipokea kutoka mkononi mwangu. Vidole vyake viligusa vyangu, vikavu, vyepesi, na hakushtuka hata kidogo. Akanywa kwa sauti.

"Ongeza sukari, mwiitu. Chai ya Makueni ni ya mkopo?"

Niliongeza sukari.

"Mwalimu, huogopi?"

"Kuogopa nini?"

"Kikombe. Mkono wangu."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akaachia kicheko kilichomfanya akohoe. "Kithitu? Haiya! Mimi? Mimi nimeokoka kabla wewe hujazaliwa. Sijawahi kuamini upuuzi ule hata siku moja. Mambo ya giza hayo."

"Hata siku moja."

"Hata moja! Lakini wazazi, Mwikali. Ningekuingiza ndani, wangetoa watoto wao wote. Ningefundisha madawati. Ulitaka shule ifungwe?"

"Jioni wazazi hawakuwapo. Tulibaki wawili tu, ukinisahihishia. Mbona uligeuza kurasa kwa fimbo?"

Alifikiri. Hilo simnyimi, alifikiri kweli, kikombe kikiwa kimetua gotini. "Mazoea," alisema hatimaye. "Mtu akishazoea kitu, mkono unafanya wenyewe."

"Na mtihani?"

"Mtihani ungeleta maneno. Nilikuwa karibu kufanywa mkuu wa shule." Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwa nini alichelewa gari. Kisha akainua kikombe, akamaliza, akaninyooshea nimjazie tena. Nilimjazia. Nilikuwa sina kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu.

Ndipo akasema kilichomleta. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakiandaa sherehe ya kumshukuru kanisani. Kutakuwa na mgeni rasmi. Walitaka watu wachache wasimame watoe ushuhuda, na yeye alikuwa amewaambia juu yangu: mtoto wa nyumba iliyokimbiwa na wote, ambaye yeye peke yake alimfundisha.

"Utasimama useme nilikufundisha. Maneno machache tu."

"Ni kweli ulinifundisha."

"Ndiyo!"

"Nitasema nilivyofundishwa. Jiwe, fimbo, chaki ya kutupwa, kibao cha dirisha."

"Aa, dirisha usilitaje. Dirisha litawachanganya watu."

"Mwalimu, bila dirisha sina la kusema."

Akaangalia barabara, akaangalia kucha zake. Nilijua neno litakalofuata kabla hajalisema.

"Tutaona," alisema, akainuka, akashukuru kwa chai. Sikuitwa kwenye sherehe hiyo. Niliambiwa ilifana.

Alipoondoka nilikusanya vyombo. Kikombe kilikuwa na masalio ya majani ya chai, na ukingoni alama ya midomo yake, yenye kahawia kidogo ya ugoro. Nilikiosha kwa sabuni. Nikakiosha tena kwa majivu. Nilipomaliza nilijikuta nimekishika kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooka mbali na mwili, na macho yangu yanatafuta mahali pa kukiweka peke yake, labda juu ya ukuta nje, au kwenye shimo la takataka. Nilikuwa tayari nimeshaamua kwamba hakuna mtu wa nyumba yangu atakayekinywea tena.

Nikajiona nilivyosimama. Ule mkono ulionyooka niliujua. Niliuona kila siku ya utoto wangu, nikiwa upande wa pili wa dirisha.

Kinyaa hakikuondoka. Sitasema kiliondoka. Nilirudi jikoni, nikachukua birika, nikamimina chai iliyobaki ndani ya kikombe kile kile, nikakishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imepoa na ilikuwa tamu mno, kwa ile sukari yake. Niliinywa yote, nikakisuuza mara moja, nikakitundika pamoja na vingine.